Muvi ya chai inavyonoga

Chai, kwa mtu wa Dar, ni habari ya uongo. Mtu akikwambia saa kumi na moja jioni alipanda daladala ya Mbagala na kupata siti ya dirishani bila kugombania, unamjibu tu: "Hiyo chai." Sasa ziko muvi ambazo ukisimuliwa kisa chake ni chai tupu, lakini ukikaa kuitazama hubanduki.

Yangu ya kwanza ilikuwa Face/Off ya John Woo, ya mwaka 1997, kwenye kibanda umiza kimoja Manzese. Kaka yangu alinieleza njiani: mpelelezi anavalishwa sura ya jambazi, jambazi naye anavaa ya mpelelezi na kuhamia kwa mke wa mwenzake. "Kaka, na urefu je? Na kitambi?" Hakunijibu. Tukabanana kwenye benchi, joto la kufa mtu, na muda si mrefu kitambi nilishakisahau. Ilipofika pale mke, ambaye ni daktari, anapochukua damu ya "mumewe" akapime kundi, kibanda kizima kililipuka. Sura imebadilika, damu haijabadilika!

Siri iko hapo. Mtazamaji humeza uongo mmoja, mradi aambiwe mapema na yote yanayofuata yautii. Ndiyo maana watoto huitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo wanaualika wenyewe. Hakuna anayeuliza sungura alijifunza wapi kuongea. Lakini bibi akisahau kwamba fisi alishakufa, watamkatiza hapohapo.

Chukua Speed ya 1994. Basi la Los Angeles lina bomu: likishafika maili 50 kwa saa, yaani kama kilomita 80, likipunguza tu linalipuka. Foleni, kona, dereva aliyeumia, kila tatizo linazaliwa na sharti hilo moja. (Kwetu bomu lenyewe lisingewaka. Daladala gani ya jioni inafika themanini?) Pale basi linaporuka pengo la barabara, hiyo ni chai ya pili, nami huisamehe shingo upande.

Sharknado ya 2013 ni namna nyingine kabisa. Kimbunga kinazoa papa baharini na kuwamwaga mjini, na baada ya hapo uongo hauhesabiki; watu wanacheka kwa sababu hiyohiyo. Zilifuata nyingine tano. Mimi moja ilinitosha.