Kabla ya kuuliza wati, chungulia tundu la hedifoni

Kazi yangu ni kufungua amplifaya za watu, na swali ninaloulizwa nikiwa bado nimeshika bisibisi ni lile lile: ipi ya bei nafuu itakayosukuma spika mchana, na hedifoni usiku wengine wakishalala? Mimi nami huuliza: hedifoni zako ni zipi? Wengi hunishangaa. Walidhani nitaanza na wati.

Wati za spika siku hizi si shida tena. Chipu za daraja D, yaani amplifaya zinazowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, kama TPA3116D2 na TPA3255 za Texas Instruments, zimefanya nguvu iwe rahisi kupatikana. Kisanduku kidogo cha mezani kinatoa nguvu ambayo zamani ilidai transifoma ya kunyanyuliwa kwa mikono miwili, kwa sababu daraja D huweza kufikisha kwenye spika karibu asilimia 90 ya umeme inaoutumia, ilhali daraja AB, mtindo wa zamani, hupoteza sehemu kubwa kwa joto. Kwa hiyo upande wa spika nitaumaliza haraka. Spika yenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 87 kwa wati 1, ukiwa mita 1 mbele yake, itafika 97 kwa wati 10. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuisherehekea. Kwa spika za mezani, wati 20 za kweli kila upande zinatosha na kubaki.

Nimesema za kweli. Tangazo likikuambia wati 100 mara mbili, geuza adapta usome: volti 24, ampea 3. Zidisha, unapata wati 72 kwa pande zote mbili, kabla hujaondoa hata kinachopotea njiani. Tazama pia namba hiyo ilipimwa sauti ikiwa imeharibika kwa kiasi gani. Nyingi hupimwa kwenye asilimia 10, na hapo hata asiye na sikio la muziki atajua kuna kitu kinakwaruza. Na ukiona neno PMPO, yaani wati za kilele cha kufumba na kufumbua, weka chini uondoke.

Sasa tundu la hedifoni. Hapa ndipo watengenezaji wa bei ya chini hukata kona, kwa sababu mnunuzi akiona tundu lipo huridhika.

Chukua amplifaya yenye mvumo wa mikrovolti 100 kwenye njia yake ya kutokea. Kwenye spika ya desibeli 88 kwa volti 2.83, mvumo huo unatoka chini ya desibeli 0 ukiwa mita moja. Hakuna atakayeusikia. Upeleke mvumo huo huo kwenye vipokea sauti vya kuziba masikioni vyenye desibeli 120 kwa volti 1, unakuwa desibeli 40: shhh isiyokoma katikati ya kila kituo cha wimbo. Kifaa ni kile kile, kinasifiwa upande mmoja na kulaaniwa upande wa pili, na wote wawili wanasema kweli.

Shida ya pili ni rezista. Njia rahisi ya kupata tundu la hedifoni ni kuchota umeme wa spika na kuupitisha kwenye rezista ya omu mia na zaidi. Amplifaya nyingi za zamani zilifanya hivyo, na hedifoni za omu 300 hazikuathirika sana. Lakini baadhi ya vipokea sauti vidogo vina ukinzani (jinsi vinavyozuia umeme, kwa omu) unaopandashuka kufuata masafa, tuseme omu 10 kwenye sauti moja na 40 kwenye nyingine. Ukiviweka nyuma ya omu 100, sauti hizo mbili zinatengana kwa karibu desibeli 10. Nyuma ya omu 1, tofauti haifiki hata desibeli moja. Mtu anabaki kulalamika kwamba besi imemeza waimbaji, kumbe vipokea sauti havina kosa lolote. Kanuni ninayoifuata: ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Karatasi ya vipimo ikiukalia kimya, mimi huhesabu kimya hicho kuwa jibu.

Halafu kuna wenye hedifoni za omu nyingi. Sennheiser HD 600 ni omu 300; Beyerdynamic DT 880 imeuzwa kwa omu 32, 250 na 600, kwa hiyo jina peke yake halikwambii kitu. Hizi zinadai volti. Ukisoma “miliwati 100 kwa omu 32”, hiyo ni volti 1.8 hivi. Kwa omu 300, volti hizo hizo zinakupa miliwati 11 tu. Kwa kusikiliza kwa utulivu zinatosha. Kwa okestra iliyorekodiwa chini chini, utafika mwisho wa nobu na bado unataka. Mimi hutafuta angalau volti 3.

Wapo wanaochoka na tundu na kuunga hedifoni moja kwa moja kwenye vishikio vya waya za spika. Kwa hedifoni kama HIFIMAN HE-6, maarufu kwa ugumu wa kusukumwa, watu walifanya hivyo kwa sababu ya maana. Ila chipu nyingi za daraja D husukuma spika kutoka pande zote mbili: waya mwekundu ukipanda, mweusi unashuka. Mweusi si ethi. Jeki ya kawaida ya hedifoni inaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia pamoja, kwa hiyo unakuwa umefunganisha njia mbili zisizopaswa kukutana. Nilifanya kosa hilo nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Chipu ilikufa kimya, bila hata moshi wa kuniaga, na mwenye kifaa alikuwa amesimama nyuma yangu.

Jambo dogo linalosahaulika: kifaa kikumbuke kiwango cha sauti cha hedifoni na cha spika kila kimoja peke yake. Nobu iliyoachwa juu kwa ajili ya sebule, kisha ukavaa hedifoni, ni kofi la masikio. Spika nazo zinyamaze zenyewe unapochomeka jeki.

Ukikosa kifaa chenye haya yote kwa fedha uliyo nayo, nunua viwili: amplifaya ndogo ya daraja D isiyo na tundu lolote, na kisanduku cha hedifoni pembeni. Mara nyingi jumla yake haizidi kile kimoja chenye ahadi nyingi, na kimoja kikiharibika, kingine hakisimami nacho.

Ukienda kununua, beba hedifoni zako mwenyewe. Punguza nobu hadi mwisho, chomeka, kisha panda taratibu na wimbo unaoujua mpaka kiwango chako cha kawaida. Simamisha wimbo, nobu ibaki hapo hapo, usikilize ukimya.