Kioo cha nyuma kimegoma kuondoa ukungu? Usikimbilie kununua kingine

Kuanzia Juni hadi Agosti, mwenye gari Mbeya, Njombe au Mafinga anaijua hali hii: alfajiri kioo cha nyuma kimejaa ukungu, unabonyeza swichi ya kupasha kioo joto, taa yake inawaka, kioo kinabaki vilevile. Ukiuliza mtaani, unaambiwa ununue kioo kingine. Ni ushauri wa hasara, na unatokana na dhana kadhaa zisizo na ukweli.

“Mstari mmoja ukikatika, yote imekufa.” Si kweli. Ile mistari ya kahawia inayopasha kioo joto imechapwa upande wa ndani wa kioo kwa mchanganyiko wenye madini ya fedha, na kila mmoja unapokea umeme peke yake kutoka kwenye mikanda miwili ya pembeni, chanya na hasi. Ukikatika mmoja, ukungu unabaki kwenye ufito huo tu. Kioo chote kikiwa baridi, tafuta kwingine: fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha mfumo huu), waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), au klipu ya waya iliyobanduka kwenye kioo. Kwa magari kama Probox na IST, kagua pia nyaya zinazopita kwenye mpira karibu na bawaba za mlango wa nyuma. Kufungua na kufunga kila siku huzikata ndani kwa ndani, wakati kwa nje ganda ni zima.

“Mkato lazima uonekane kwa macho.” Mara nyingi hauonekani, ndiyo maana mita ya fundi umeme ina thamani kubwa hapa. Washa injini na swichi ya kioo, weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi igusishe bodi, kwenye chuma kisicho na rangi. Ncha nyekundu ivishe kipande cha karatasi ya alumini isikwaruze mstari. Anzia upande wa chanya ukisogea taratibu. Kwenye mstari usiokatika volti hupungua kidogo kidogo: kama 12 mwanzoni, kama 6 katikati, karibu sifuri mwishoni. Mstari uliokatika hushikilia 12, halafu ghafla unashuka hadi sifuri. Hapo ndipo pa kutia alama. Mita ikisoma sifuri kila mahali ghafla, usishtuke: magari mengi hujizimia mfumo huu baada ya dakika 10 hadi 15. Bonyeza tena.

“Supa gluu inatosha.” Supa gluu haipitishi umeme. Kinachohitajika ni rangi maalumu yenye madini ya fedha, ya kuungia mistari ya kioo. Zima kila kitu, futa mahali hapo kwa spiriti, bandika seloteipu juu na chini ya mstari ukiacha upana wake tu, kisha paka tabaka jembamba mara mbili au tatu, ukivuka mkato pande zote mbili. Bandua seloteipu rangi ikiwa bado laini. Acha saa 24 kabla ya kuwasha. Kwa baridi ya Uyole, Mbeya, usiibie muda huo hata kidogo. Klipu iliyobanduka inataka gundi nzito inayopitisha umeme. Kuilehemu kwa risasi kunawezekana, lakini joto likizidi kioo kinapasuka, kwa hiyo mpe fundi mwenye uzoefu.

“Ukungu unatoka nje.” Unaokaa ndani ya kioo ni unyevu wa humo humo garini: pumzi, makoti yaliyolowa, magunia ya viazi vibichi kutoka Isyonje. Washa AC pamoja na hita, na ruhusu hewa ya nje iingie. AC hukausha hewa hata wakati wa baridi. Magunia hayohayo yakisukumwa hadi kioo cha nyuma hukwangua mistari, kwa hiyo acha nafasi.

Wembe wa kubandulia tinti ndio unaonisikitisha zaidi. Ukipita juu ya mistari unaing’oa, na ikishang’oka yote, rangi ya kuungia haisaidii tena. Hapo ndipo unanunua kioo kingine.