Kura ya kufuta usawazishaji: soma swali kwanza

Mi nafundisha sheria ya katiba, na kila nikifika kwenye hizi kura za maoni za Marekani za kufuta hatua za usawazishaji, yani zile za kuwafungulia mlango Weusi, Walatino na wanawake kwenye vyuo vya umma, ajira na tenda za serikali, lazima mtu aniulize, si wananchi wenyewe ndo wamepiga kura, sasa shida iko wapi? Shida iko kwenye swali waliloulizwa.

Chukua jiji la Houston, Texas, 1997. Wapinzani wa usawazishaji walikusanya sahihi wakitaka wapiga kura waulizwe kama jiji lisimbague wala kumpendelea mtu kwa rangi au jinsia, jamani hapo nani atakataa? Meya Bob Lanier na baraza la jiji wakaliweka swali wazi: mpango wa usawazishaji kwenye ajira na tenda za jiji ufutwe au usifutwe? Kama asilimia 55 wakasema usifutwe. Mwaka mmoja tu nyuma jimbo la California lilikuwa limepitisha Pendekezo 209, lililofuta usawazishaji, kwa asilimia karibu hizo hizo, na kifungu chenyewe usome mwanzo mwisho, kinakataza kubagua na kupendelea, usawazishaji hautajwi popote. Matokeo yake mwaka 2006 UCLA, chuo kilicho ndani ya Los Angeles, wanafunzi wapya karibu 5,000 na Weusi waliotarajiwa kuanza ni 96. Tisini na sita!

Michigan inaniuma zaidi. Kabla ya kura ya 2006 ya kufuta usawazishaji jimboni humo, jaji wa shirikisho Arthur Tarnow aliona ushahidi kwamba wakusanya sahihi walikuwa wanawaambia watu wanasaini kuunga mkono usawazishaji, akasema ni udanganyifu, ila hakuiondoa hoja kwenye kura kwa sababu waliodanganywa ni Weusi na Weupe pia kwa hiyo sheria ya haki ya kupiga kura, inayokataza ubaguzi wa rangi, haikuvunjwa. Ikapita kwa asilimia 58. Chuo Kikuu cha Michigan kikatoka kwenye Weusi kama asilimia 7 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza mpaka kama 4 ilipofika 2021, na hapo hela na nguvu nyingi zilishamwagwa kutafuta njia mbadala.

Halafu kuna jambo watu hawalioni, marufuku hii iliandikwa ndani ya katiba ya jimbo. Mzazi anayetaka chuo kimjali mtoto wa mtu aliyesoma pale zamani anaenda tu kuongea na chuo, ila mzazi Mweusi anayetaka rangi ya mwanae na alikopitia vizingatiwe, yeye aanze kampeni ya kubadili katiba jimbo zima. Jaji Sotomayor aliliandika hilo 2014 akipinga uamuzi wa wenzake wa Mahakama ya Juu wa kuiacha marufuku ya Michigan isimame, na mi nasimama naye. Usiniambie huo ndo usawa.

Ni kweli 2023 Mahakama ya Juu ilizuia vyuo kuangalia rangi kwenye udahili nchi nzima, lakini marufuku za majimbo zinagusa pia ajira, tenda na programu za wanawake, kwa hiyo vita haijaisha. Ukiwa unaishi huko na una kura, akija mtu mlangoni na karatasi ya sahihi mwambie akusomee kifungu chote, kisha muulize kikipita ni programu gani zinafungwa kesho yake, azitaje kwa majina, akishindwa usisaini.