Taarifa ya mapato na matumizi: maana yake, na kwa nini sheria imeiwekea tarehe

Taarifa ya mapato na matumizi ni maelezo ya fedha za umma: zimeingia kiasi gani, zimetoka wapi, zimetumika kwa lipi na zimebaki ngapi. Mwenye kuitoa anaweza kuwa kijiji, halmashauri au Serikali Kuu. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba taarifa hii ina ratiba, na ratiba hiyo imo kwenye sheria za Tanzania. Kiongozi akiisoma anatimiza wajibu, hajatufanyia hisani.

Kijijini, chombo chenye mamlaka ya juu ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Msingi wake ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Mkutano huo huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa inaposomwa.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo katika kijiji kimoja cha wakulima wa viazi, huku milimani juu ya Mbalizi, Mbeya. Ilikuwa asubuhi ya ukungu na baridi kali, wazee wamevaa makoti, akina mama wamejifunga vitenge mabegani. Mtendaji alifungua daftari akasoma sentensi tatu: jumla ya mapato, jumla ya matumizi, salio. Makofi yakapigwa. Ndipo bibi mmoja akanyoosha mkono: "Mtendaji, mwanangu, humo za ushuru wa viazi ni ngapi, na za faini ni ngapi?" Mtendaji akapekua kurasa, akapekua tena. Akasema ataleta siku nyingine.

Alichokitaka yule bibi kinaitwa mchanganuo, na bila huo taarifa haijawa taarifa. Jumla peke yake haimwambii mtu chochote. Mkulima aliyeona magari yakipakia viazi msimu mzima anaweza kukadiria magunia yaliyotoka kijijini. Akipewa mstari wa ushuru peke yake, ataulinganisha na alichokiona kwa macho yake. Akipewa jumla iliyochanganya ushuru, faini, michango na ruzuku, atapiga makofi tu kama wengine.

Taarifa iliyokamilika huwa na safu tatu kwa kila mstari: makisio, yaani kilichopangwa, halisi, yaani kilichotokea, na tofauti kati ya hivyo viwili. Macho yaende kwenye safu ya tatu. Tuseme kijiji kilipanga shilingi 2,000,000 za kukarabati choo cha shule, zikatumika 600,000. Swali si kwamba fedha zimeibiwa. Labda fundi hajalipwa, labda makusanyo yalikuwa hafifu, labda kazi imesimama. Tofauti ndiyo inayomlazimisha kiongozi kueleza.

Kuna neno jingine utalisikia kwa madiwani na wakaguzi: fedha mbichi. Ni makusanyo yaliyotumika kabla hayajapelekwa benki. Mkusanyaji amepokea ushuru getini, akakata stakabadhi kwenye mashine, kisha fedha ile ile ikanunulia mafuta ya pikipiki. Hata kama safari ilikuwa ya kazi, ni kosa, kwa sababu fedha hiyo haikupita akaunti na haitaonekana vizuri kwenye taarifa yoyote. Nalitilia mkazo hili kwa kuwa ndipo upotevu mdogo mdogo unapoanzia, na hutetewa kwa maneno matamu kweli.

Ngazi za juu zina kalenda yake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Halmashauri hufunga hesabu na kuziwasilisha kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia mwisho wa Septemba. Yeye hukabidhi ripoti yake kwa Rais kufikia mwisho wa Machi. Kwa Ibara ya 143 ya Katiba, ripoti hiyo lazima ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao cha kwanza baada ya Rais kuipokea. Ndiyo maana kila Aprili redio zetu zinajaa habari za CAG. Za halmashauri hujadiliwa na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, iitwayo kwa kifupi LAAC.

Hapo husikika furaha ya "tumepata hati safi". Hati safi maana yake mkaguzi ameridhika kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa usahihi na kwa kufuata kanuni. Haisemi kwamba barabara ilijengwa vizuri, wala kwamba hakuna aliyechota. Halmashauri inaweza kuwa na hati safi, na kurasa chache mbele ikaorodheshewa hoja za ukaguzi, yaani kasoro ambazo mkaguzi anataka zijibiwe. Zisomeni hoja, humo ndimo mlimo na kata zenu.

Chukueni mfano wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inaielekeza kwenye mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha Iringa, Njombe au Tukuyu kikijua halmashauri imekusanya kiasi gani, kinajua pia kiasi kilichopaswa kutengwa. Hesabu hiyo inafanyika kwa simu ya kitochi.

Taarifa isiposomwa wala kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika barua nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge mhuri wenye tarehe uondoke nayo, kwa sababu siku 30 zinaanza kuhesabiwa tangu walipolipokea ombi.