Je, wajua? Mashine ya akili mnemba inayokupima haijifunzi chochote kutoka kwako

Mtu akisikia hospitali fulani inatumia akili mnemba, mara nyingi hufikiria hivi: mashine inaanza kazi kama mwanafunzi wa udaktari, inaona wagonjwa, inakosea, inajirekebisha, na baada ya miaka michache imekuwa bingwa. Anayepimwa leo anamsaidia atakayepimwa kesho.

Dhana hiyo inavutia, na simu zetu zimetuzoesha nayo, maana kibodi hujifunza maneno tunayopenda kuandika. Lakini kwa programu nyingi zilizoruhusiwa kisheria kupima wagonjwa, si kweli. Mgonjwa wa saa mbili asubuhi na wa saa kumi jioni wanapimwa na kitu kile kile, hakijabadilika hata chembe. Mwaka mzima ukipita, bado ni kile kile. Masomo yaliisha kabla programu haijaingia kliniki, na sababu kubwa ni namna vibali vinavyotolewa.

Tuchukue IDx-DR, programu iliyozaliwa Iowa, Marekani, chini ya daktari wa macho Michael Abramoff. Tarehe 11 Aprili 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, iliipa kibali cha kutafuta uharibifu wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unaoletwa na kisukari. Ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa kutoa jibu la uchunguzi bila daktari kuitazama picha. Mhudumu wa kliniki ya kawaida anampiga mgonjwa picha za macho yote mawili, kwa kamera ya aina iliyotajwa kwenye kibali chenyewe. Jibu linarudi: ama uharibifu umevuka hatua ya awali, nenda kwa daktari wa macho, ama haujavuka, rudi baada ya miezi 12. Picha ikiwa mbovu, programu inakataa kusema lolote. (Ukaidi huo ni sifa, ingawa mhudumu mwenye foleni nje huenda asikubali.)

Kabla ya kibali ilijaribiwa kwa wagonjwa 900 katika vituo 10 vya huduma za msingi, majibu yake yakilinganishwa na ya wasomaji wa picha za retina wa kituo maalumu cha Wisconsin. FDA ilitangaza kwamba iliwatambua kwa usahihi asilimia 87.4 ya wenye tatizo na asilimia 89.5 ya wasio nalo.

Asilimia hizo ni za nani? Ni za programu ile jinsi ilivyokuwa siku ya mtihani. Ndani yake kuna lundo kubwa la namba, na kuifunza maana yake ni kuzisogeza namba hizo kidogo kidogo, picha baada ya picha, mpaka majibu yake yakaribiane na ya wataalamu. Ukizisogeza tena, hata kidogo, una programu nyingine.

Fikiria mizani ya muuza nyama. Mkaguzi wa vipimo anakuja na mawe yake ambayo uzito wake unajulikana, anaweka la kilo tano, anatazama mshale, akiridhika anabandika stika. Stika hiyo inasema kitu chembamba sana: mizani hii, kama ilivyo leo, ilipewa kilo tano ikasoma kilo tano. Sasa chukulia mizani hiyo inajirekebisha yenyewe kila mteja anapopimiwa. Baada ya wateja mia tatu stika bado inang'aa, ila kilichokaguliwa hakipo tena. Huenda mizani imekuwa bora kuliko mwanzo. Huenda imeharibika. Hakuna anayejua mpaka mawe yarudi.

Na kwenye kliniki hakuna mawe. Hili ndilo linalosahaulika. Mashine haiwezi kujifunza kwa kuona tu. Lazima mtu aiambie imepatia au imekosea. Mgonjwa aliyeambiwa hana tatizo anarudi nyumbani, habari imeishia hapo. Aliyepewa rufaa huenda akaenda, huenda asiende, na akienda jibu la daktari linabaki kwenye faili la hospitali nyingine. Kwa hiyo mashine inayojifunza ikiwa kazini ingesahihishwa upande mmoja tu, kwa wale iliowashuku yenyewe. Waliopita bila kugunduliwa, ambao ndio wangeifundisha zaidi, hawarudi kusema.

Kampuni inaweza kukusanya picha na kufunza toleo jipya. Hilo ni toleo jingine, na kwa kawaida badiliko kubwa hurudi mezani kwa mdhibiti. Programu na vifaa vya akili mnemba vilivyoruhusiwa na FDA sasa vimepita 1,000, vingi vikiwa vya kusoma picha za mionzi. Katika waraka wake wa majadiliano wa 2019, mamlaka hiyo yenyewe ilieleza kwamba vilivyoruhusiwa hadi wakati huo kwa kawaida vilikuwa “vimefungwa” namna hii, yaani havibadiliki vikiwa kazini.

Kufungwa nako hakutoshi. Mizani yenye stika halali ukiihamishia kwenye meza iliyoinama, itadanganya bila mtu kuigusa. Aprili 2020 hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan ilizima mfumo uliokuwa ukitoa tahadhari ya sepsisi, hali ya hatari ambapo mwili hujidhuru ukipambana na maambukizi, kwa sababu Uviko ulibadilisha aina ya wagonjwa wodini na tahadhari zisizo na msingi zikawa nyingi. Homa haikumaanisha tena kile ilichomaanisha mwaka uliotangulia. Mfumo huo haukuwa umepita mlango wa FDA, kwa hiyo si mfano kamili, lakini tatizo ni hilo hilo.

Njia ya kati ipo. Desemba 2022 Bunge la Marekani liliingiza katika sheria utaratibu ambao kampuni inaeleza mapema itakachobadilisha, mipaka yake na itakavyokijaribu; ikikubaliwa, haihitaji kibali kipya kila mara. Mwongozo kamili wa FDA ulitoka Desemba 2024. Ni kama fundi kuruhusiwa kufungua mizani, mradi atumie mawe yaliyokubaliwa. Mwongozo haukatazi hata mabadiliko yanayojiendesha yenyewe, ikiwa yamo ndani ya mpango.

Kwetu suala hili linajitokeza zaidi kwenye kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kusoma eksirei za kifua kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako zimetumika au kujaribiwa. Programu haisemi ndiyo au hapana. Inatoa alama, na wahusika wanachagua kiwango ambacho mtu akikivuka anapelekwa kupimwa makohozi. Kiwango hicho hutegemea watu wanaopimwa, na hutegemea toleo pia: eksirei ile ile inaweza kupewa alama tofauti na toleo jipya. Hivyo toleo linaweza kuwa bora kuliko lililopita na bado likarudisha wagonjwa nyumbani, ikiwa aliyelisakinisha aliacha kiwango cha zamani mahali pake.