Sumu ya bunju na milango ya moyo: tunayoyasikia na yaliyo kweli

Bunju akiingia kwenye wavu, pwani yetu huwa na kauli mbili tayari. Ya kwanza: "Mpike sana, sumu itatoka." Ya pili: "Ile sumu husimamisha moyo." Kauli ya kwanza imeua watu. Ya pili inachelewesha msaada kwa mtu ambaye bado angeweza kuokolewa, na ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Sumu ya bunju inaitwa tetrodotoksini, na moto wa jikoni hauivunji. Nimemwona mvuvi ufukweni akimpasua bunju, akatoa ini na mayai kwa ncha ya kisu bila kuyatoboa, akayafukia mchangani paka wasiyafikie. Mkono wake ulikuwa stadi kweli. Lakini sumu hukaa hata kwenye ngozi, na kwa aina nyingine za bunju hukaa mpaka kwenye mnofu, mahali ambapo kisu hakiwezi kuitenga.

Inavyofanya kazi ndiyo habari yenyewe. Kila seli imezungukwa na utando, na ndani ya utando huo kuna protini zenye tundu jembamba katikati. Hupitisha chembe zenye chaji ya umeme, yaani ioni: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Protini hizo ndizo chaneli za ioni, milango ya seli, na kila moja huchagua inachopitisha. Hufunguka na kufungwa ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Michoro inayotoka kwenye mashine ya ECG hospitalini ni umeme wa milango hiyo ikifanya kazi pamoja kwenye moyo mzima.

Tetrodotoksini huziba chaneli ya sodiamu kama kizibo cha chupa. Kwenye mishipa ya fahamu na misuli ya viungo inakaa barabara. Kwenye moyo haikai vizuri, kwa sababu chaneli ya sodiamu ya moyo ina asidi amino moja, yaani kipande kimoja kati ya vinavyojenga protini, iliyo tofauti pale mlangoni. Ili kuiziba inahitajika sumu nyingi zaidi mara mamia. Kwa hiyo aliyekula bunju huanza kwa ganzi ya midomo na ulimi, mikono na miguu hulegea, kisha misuli ya kupumua huacha kazi. Mara nyingi moyo bado unapiga, na anaweza kuwa anasikia kila neno linalosemwa juu yake. Anachokosa ni pumzi. Msimpotezee muda kwa kumnywesha hiki na kile. Mkimbizeni hospitali yenye mashine ya kupumulia, na akiacha kupumua njiani, mpulizieni hewa. Dawa ya kuiondoa sumu hii haipo, ila mwili huitoa wenyewe polepole, mradi kuna mtu au mashine ya kumpumulia mgonjwa mpaka hapo.

Ile asidi amino moja ina upande wake wa pili, ambao mimi naustaajabia kila nikiufikiria. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kuwa badiliko hilohilo linaloikinga chaneli ya moyo dhidi ya sumu ya bunju ndilo linaloifanya izibwe kwa urahisi zaidi na kadmiamu, metali iliyomo kwenye moshi wa sigara na baadhi ya betri. Majaribio ya maabara hutumia kadmiamu nyingi kuliko iliyomo kwenye damu ya mtu, kwa hiyo sisemi kuwa mvutaji sigara anazibwa chaneli kwa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba hakuna "sumu ya moyo" kwa ujumla. Kuna sumu fulani, kwenye mlango fulani, kwa kiasi fulani.

Zipo na kauli nyingine tunazozisikia. "Ubongo ndio unaouamrisha moyo kupiga." Hapana. Ubongo huongeza kasi au huipunguza, lakini pigo lenyewe huanzia kwenye seli chache za moyo wenyewe, sehemu ya juu, upande wake wa kulia. Miaka ya 1880 huko London, daktari Sydney Ringer alikuwa akiupigisha moyo wa chura nje ya mwili, ndani ya maji ya chumvi. Baadaye ikagundulika kwamba maji yale yalitengenezwa kwa maji ya bomba, si maji yaliyokenekwa (ya mvuke, yasiyo na madini) kama alivyodhani. Alipotumia yaliyokenekwa, mapigo yakafifia. Mwaka 1883 alieleza kilichokosekana: kalsiamu iliyokuwemo kwenye maji ya bomba. Dripu ya Ringer inayoning'inizwa wodini hadi leo imebeba jina lake.

"Cha mti hakina kemikali." Waulize Waata, Wakamba na Wagiriama, ambao wazee wao walichemsha msunguti kupata sumu ya mishale ya kuulia mpaka tembo. Iliyomo ni wabaini, na hii kweli hushika moyo. Haizibi chaneli, bali huifunga pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu, pampu ambayo Jens Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 na kupewa Nobel kwa ajili yake mwaka 1997. Digoksini, kidonge wanachopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo, hushika pampu hiyohiyo. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana mno, ndiyo maana daktari humkataza mgonjwa asijiongezee hata kidonge kimoja.

"Moshi ni wa mapafu." Dhana hii imeenea kuliko zote, na nadhani ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika vifo vya mapema vilivyotokana na hewa chafu ya nje mwaka 2019, karibu 68 kati ya kila 100 vilikuwa vya ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi.

Anza na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, Iringa au Limuru, mlango umefungwa na nguo imesukumwa chini yake kuzuia upepo. Mkaa umeshika vizuri, hauna moshi wa kuonekana, watu wanaona hali ni salama. Kumbe kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Tulifundishwa kuwa gesi hii huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ni kweli, ila habari haiishii hapo. Mwaka 2012 watafiti wa Leeds, Uingereza, pamoja na wenzao walionyesha kwa panya kwamba gesi hiyo huufanya mlango wa sodiamu wa moyo, ambao hupaswa kufungwa mara moja, ubaki wazi kidogo. Seli huchelewa kujiweka sawa, na mapigo huenda mrama. Ranolazini, dawa ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, inayopunguza uvujaji huo wa sodiamu, iliwasaidia panya hao.

Kisa kingine kilianzia baharini. Mwaka 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Meksiko, mafuta yakamwagika baharini. Watafiti wa Marekani wakachukua seli za moyo wa jodari na kuziweka kwenye maji yaliyoguswa na mafuta hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: chaneli ya potasiamu inayomaliza kila pigo ilizuiwa, na mwendo wa kalsiamu ukavurugika. Baadaye kidole kikaelekezwa kwenye fenanthrini, kemikali ambayo haiko kwenye mafuta ghafi tu. Imo kwenye moshi wa dizeli, wa kuni na wa tumbaku. Seli ya jodari si seli ya binadamu, na lazima tulikumbuke hilo, ila chaneli iliyozuiwa ina ndugu yake wa karibu ndani ya kifua chako.

"Risasi iliisha na petroli ya zamani." Risasi hapa ni ile metali. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2006, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Risasi yenyewe haikuondoka. Imo kwenye rangi za zamani na kwenye betri za magari zinazoyeyushwa upya. Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Phyllis Omido, aliyesimama nao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Tumezoea kuisikia kama sumu ya ubongo wa watoto, na ni kweli. Lakini ioni ya risasi inafanana na ya kalsiamu kiasi cha kupita kwenye milango yake na kuvuruga kazi zake, na kalsiamu ndiyo inayokaza misuli ya kuta za mishipa ya damu. Mtu hapati dalili yoyote, ila presha inapanda. Sehemu kubwa ya risasi hukaa mifupani kwa miaka mingi na kurudi kwenye damu kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2023 Chama cha Moyo cha Marekani kiliitaja pamoja na kadmiamu na aseniki kuwa ni vitu vinavyochangia magonjwa ya moyo na mishipa. Hata hivyo, ni mara ngapi mgonjwa wa presha ameulizwa kliniki kama aliwahi kufanya kazi ya betri?

"Panya wakipona, na sisi tumepona." Moyo wa panya mdogo wa maabara hupiga mara 500 hadi 600 kwa dakika. Kwa kasi hiyo hautegemei sana ile chaneli ya potasiamu ambayo wetu unaitegemea, kwa hiyo kitu kinachoiziba kinaweza kumpita panya bila madhara na kumwangusha binadamu. Ndiyo maana wanaochunguza chaneli hii hupendelea moyo wa sungura. Terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na watu wengi, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998 baada ya kubainika kuwa huiziba chaneli hiyo, hasa ikichanganywa na baadhi ya dawa za fangasi. Tangu mwaka 2005 miongozo ya kimataifa inataka dawa mpya ijaribiwe dhidi ya chaneli hii kabla haijapewa kibali. Kinachojaribiwa ni kile tu kinachoombewa kibali. Fenanthrini haikuombewa kibali na mtu yeyote. Tumejua inachofanya kwa sababu mtambo wa mafuta ulilipuka na watu fulani wakajiuliza habari za moyo wa jodari.