Suruali ya mlimani: igeuze kabla hujalipa

Wateja wengi wakija kwangu hapa Ngamiani, Tanga, kuulizia suruali ya kupandia mlima, wanaanza kwa kukibana kitambaa kwa vidole viwili. Kikiwa kizito wanaridhika, kikiwa chepesi wanakirudisha mezani. Mimi kazi yangu ni kushona na kurekebisha suruali za watu wanaopanda: waongozaji wageni wa Lushoto na Amani, wapagazi wanaokwenda kutafuta riziki Kilimanjaro, vijana wanaopenda kuingia mapangoni Amboni. Kwa ninayoyaona mezani, suruali ya mwanamume ni nadra kufa kwa kitambaa. Inafia kwenye mshono, na mara nyingi ni mshono ule ule wa msamba.

Chukua suruali yoyote uliyonayo, igeuze, utazame pale kati ya miguu. Mishono minne inakutana mahali pamoja: mmoja umeshuka kutoka chini ya zipu, mmoja umetoka nyuma kwenye makalio, na miwili imepanda kwa ndani ya miguu. Ukitembea barabarani pale hapapati taabu. Lakini panda Mlinga kule Muheza, ufike pale njia inaposimama na inakubidi uinue goti mpaka usawa wa kiuno ili mguu ufikie jiwe linalofuata. Nguvu yote ya mguu inavuta kitambaa kwa mshazari, na inaishia kwenye ile njia panda ya nyuzi. Uzi mmoja unakatika, wa pili unafuata, na mtu anarudi kutoka msituni amejifunga sweta kiunoni.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1873 fundi cherehani wa Nevada, Jacob Davis, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipata hataza Marekani ya kupigilia riveti za shaba kwenye sehemu za suruali zinazochanika. Kila mtu anazijua riveti za mifukoni. Wasichojua wengi ni kwamba jinzi zile za mwanzo zilikuwa na riveti nyingine chini kabisa, pale pale msambani, ikaja kuondolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Davis alikuwa fundi mwenzetu, aliona mshono unapofia. Ila riveti inashikilia tu, haimpi mtu nafasi ya kuinua mguu.

Nafasi inatoka kwenye kipande cha msamba. Ni kitambaa kidogo chenye umbo la almasi kinachopachikwa katikati ya ile mishono minne, ili isikutane tena mahali pamoja. Mvuto unagawanyika kwenye pembe nne, na kitambaa kinapata upana pale kilipokuwa kinabana. Wapanda miamba wa Yosemite, California, walikifanya kijulikane sana kupitia kampuni ya Gramicci, iliyoanzishwa na mpanda miamba Mike Graham mwaka 1982. Sisi wa pwani hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Kanzu ina kikwapa, kile kipande kinachoshonwa chini ya mkono, na bila hicho huwezi kunyanyua mikono kwenye takbira bila kanzu nzima kupanda. Kipande cha msamba kinafanya kazi hiyo hiyo mahali pengine.

Hapa kuna jambo ambalo wateja hunibishia. Wanaamini suruali yenye msamba ulioshuka, ile inayoning'inia karibu na mapaja, ndiyo inayompa mtu uhuru. Ni kinyume chake. Msamba ukiwa chini, kila unapoinua goti unauvuta na mguu wa pili wa suruali, na kiuno kinavutwa chini. Msamba unatakiwa ukae karibu na mwili, kisha kile kipande ndicho kitoe nafasi. Ijaribu hapo hapo unaponunua. Weka mguu mmoja juu ya kiti, kisha chuchumaa mpaka chini kama mtu anayechambua mchele. Kiuno kikishuka nyuma, au goti likikwama kabla ya kufika usawa wa kiuno, iache, hata kama muuzaji anaapa kwamba itaachia ukishaifua.

Suruali nzuri isiyo na kipande hicho unaweza kumpelekea fundi akuongezee. Nafumua kila mshono kati ya ile minne kwa kiasi kinachotosha kipande, nakata almasi yenye urefu wa inchi kumi hivi na upana wa inchi nne, napachika. Kitambaa nakitoa kwenye upindo wa chini kama suruali ni ndefu, ama natafuta kinacholingana nacho uzito. Usikubali fundi aweke kitambaa kizito kuliko suruali yenyewe, maana mchaniko utahamia pembeni ya kipande.

Sasa mshono. Mshono unaoutaka ni ule wa jinzi: kingo mbili zimekunjiana, zikalazwa, kisha zikapigwa mistari miwili ya uzi inayoonekana kwa nje. Ukikuta suruali ambayo kwa ndani ina overoloki peke yake, bila mstari wa cherehani ya kawaida pembeni yake, hiyo ni ya kukalia sebuleni. Vuta mshono kwa mikono miwili, kulia na kushoto. Ukiona nyuzi zinajitokeza kama meno, uzi ulilegezwa au tundu za sindano zimeachana mno. Kwa suruali ya kazi natafuta tundu nane mpaka kumi kwa inchi. Zikipungua, mshono unafunguka. Zikizidi mno, sindano imekitoboa kitambaa mpaka kimekuwa kama karatasi ya stempu, kinachanika kwa kufuata mstari.

Uzi uwe wa polyesta. Uzi wa pamba ukikaa na jasho na unyevunyevu unaoza, na Tanga yetu jasho halikosekani. Kama huna hakika, toa kijiuzi cha ndani, kichome kwa kiberiti. Pamba itaungua iwe jivu lenye harufu ya karatasi iliyochomwa, polyesta itayeyuka ibaki kitone kigumu cheusi.

Nije kwenye kitambaa, ambacho watu walitaka nianze nacho. Uzito wake hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Jinzi nzito inafika gramu 400 hivi, na suruali nyingi za mlimani za nailoni hazizidi 200. Ukizishika utadhani zitachanika kesho, lakini ukichukua nailoni na pamba za uzito mmoja ukazisugua kwenye jiwe, pamba itatoboka kwanza. Nailoni inaishinda hata polyesta kwenye kusuguliwa. Ndiyo maana kwa Mapango ya Amboni, ambako unapita kwa magoti na makalio juu ya mawe ya chokaa, nashauri nailoni, na magoti yawe na kitambaa maradufu.

Pia kuna suala la maji. Kwenye hewa ya kawaida ya maabara, yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji ya karibu asilimia 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4 hivi, polyesta haifiki hata asilimia 1. Hapo hata mvua haijanyesha. Amani inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Jinzi ikilowa kule asubuhi, jioni bado inakulowesha, inasugua mapaja mpaka yanatoka vidonda, na kilo zake unazibeba wewe. Kwa anayelala juu kwenye msitu wa Magamba, unaopanda kupita mita 2,000, au anayekwenda Kilimanjaro yenye mita 5,895, suruali iliyolowa na baridi ya usiku ni hatari ya kweli. Nimewaambia wapagazi na nitaendelea kuwaambia: jinzi iacheni Moshi mjini.

Pamba hata hivyo siikatai moja kwa moja. Ina sifa moja kubwa, moto. Cheche ya kuni ikiangukia pamba inaacha alama au kitundu kidogo. Ikiangukia nailoni inayeyusha, na nailoni iliyoyeyuka inagandia kwenye ngozi. Wapishi wa msafara, ninyi vaeni kitambaa mchanganyiko. Polyesta asilimia 65 na pamba asilimia 35 ni mchanganyiko uliojithibitisha kwa miaka mingi. Kampuni ya Fjällräven ya Sweden imejenga jina kwa kitambaa chake cha G-1000 chenye uwiano huo, ambacho mtu anakipaka nta ili kizuie maji. Na huhitaji kuagiza Sweden. Khaki ya sare za shule nyingi ni ya polyesta na pamba. Chagua ile iliyofumwa kwa kubana, yenye mistari ya mshazari, nunua mita mbili, mletee fundi.

Halafu kuna mkonge. Anayeshuka kutoka Usambara kupitia mashamba ya Muheza au Korogwe anazijua ncha zile. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na tangu hapo umechana suruali nyingi sana. Ncha ya jani la mkonge inapenya karibu kitambaa chochote, kwa hiyo cha muhimu ni kwamba mchaniko usikimbie. Tafuta kitambaa chenye vijiraba vidogo vidogo ukikitazama kwa mwanga. Vile ni nyuzi nene zilizopishanishwa kila baada ya milimita kadhaa, ufumaji uliotumika kwenye miavuli ya kurukia kutoka ndegeni ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Mchaniko ukifika kwenye uzi mnene unasita, ukabaki wa sentimita badala ya kufika gotini. Kitambaa laini kisicho na manyoya kina faida nyingine huku kwetu: upupu haukishiki sana. Aliyewahi kurudi na upupu kwenye suruali ya pamba yenye vinyweleo hahitaji maelezo.

Zile kadeti zinazovutika, za pamba asilimia 98 na elastini asilimia 2, zinaninyima raha. Dukani zinakaa vizuri na mtu anachuchumaa bila shida. Lakini elastini haipendi pasi ya moto wala dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, na ikishachoka magoti yanatoka mifuko isiyorudi. Kama unataka kitambaa kinachovutika, chukua cha nailoni chenye elastini kidogo, na bado udai kipande cha msamba. Mvutiko ni msaada tu, hauchukui nafasi ya ukataji mzuri.

Kwa anayepanda miamba kwa kamba, kumbuka mkanda wa usalama unakaa kiunoni na mapajani. Riveti, vifungo vya mifuko ya nyuma, mshono mnene wa kiunoni, vyote vitakuchoma na vitasaga kitambaa. Kiuno kiwe bapa. Chini suruali ifungike kwa kamba au lastiki, uweze kuona unakoweka vidole vya mguu. Zipu chagua ya plastiki, kwa sababu ya chuma kwenye hewa ya chumvi ya Tanga inashika kutu hata ikiwa kabatini.

Rangi nayo ina maneno. Ukielekea upande wa Pangani na Saadani, epuka buluu na nyeusi, maana mbung'o wanazifuata rangi hizo. Na kwenye mitumba utakutana na suruali za kijeshi za mabaka. Najua ni imara, mishono yake naiheshimu. Usinunue. Raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo hapa Tanzania ni kosa, na mwaka 2023 JWTZ walitangaza hadharani walionazo wazisalimishe. Suruali za kazi za mafundi ujenzi wa Ulaya zinapatikana kwenye mabelo hayo hayo, zina magoti maradufu na mishono ya mistari miwili, rangi ya kijivu au kaki. Mimi nikifika kwenye meza ya mitumba hizo ndizo ninazoanza kuzitafuta. Inua kila moja juani, tazama makalio na mapaja ya ndani. Mwanga ukipenya pale kuliko sehemu nyingine, kitambaa kimeshaliwa.

Ukishaipata itunze. Nailoni inadhoofishwa na jua, basi ianike kivulini ikiwa imegeuzwa. Pasi ya mkaa usiisogeze, huwezi kuupima moto wake. Tope la mlimani liache likauke, ulipukute kwa brashi, kisha ndipo ufue, kwa sababu mchanga uliobaki kwenye nyuzi unazikata taratibu kila unapopiga hatua. Na kitundu usikisubiri kikue. Wiki hii mwongozaji mmoja wa Lushoto kaniletea suruali ambayo tundu la mkonge lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. "Fundi, hii si bado?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hapana mdogo wangu, hii ndiyo wakati wake." Kiraka nilikiweka kwa ndani, kikazidi tundu kwa nusu inchi kila upande, nikakizungushia mistari miwili ya uzi wa polyesta. Pembe zake nilizikata mviringo, kwa kuwa pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka.